Gari linatetemeka baada ya kubadilishiwa injini: uanze kukagua wapi?

Toyota Hiace au Hilux iliyokuja na injini ya petroli mara nyingi hufungwa ya dizeli, kama 3L au 5L. Gari linawaka vizuri, lakini safari ya kwanza yenye abiria linaanza kutetemeka. Fundi mmoja husema giaboksi, mwingine husema difu, na mwenye gari huishia kulipia vyote viwili. Kabla hujanunua kifaa chochote, fanya vipimo hivi.

Simamisha gari mahali tambarare, vuta handibreki, weka frii, kisha piga resi taratibu. Likitetemeka hapo hapo, usihangaike na propela shafti wala magurudumu, maana hayazunguki. Kagua mauntini za injini na giaboksi. Ukisikia mlio, kanyaga klachi hadi chini: ukipotea, shuku beringi za giaboksi, ukianza wakati huo, shuku beringi ya klachi.

Kama gari hutulia likisimama na kutetemeka likikimbia, tafuta barabara tupu, iliyonyooka, isiyo na mteremko. Likifika mwendo huo, weka frii, lakini usizime injini. Mtetemo ukiendelea, tatizo liko kwenye shafti, difu au magurudumu.

Shafti ndiyo husahaulika zaidi. Mauntini za kuchomelea zikikaa juu au chini kidogo, giaboksi nayo huinama. Kwenye shafti ya kipande kimoja, pembe ya krosi ya mbele inatakiwa ilingane na ya nyuma. Zikipishana, gari litatetemeka hata ukifunga krosi mpya. Kishindo cha "ngo!" unapoondoka mara nyingi ni krosi iliyolegea, na hilo si la kusubiri mwisho wa mwezi. Krosi ya mbele ikikatika, shafti huanguka na kuchimba barabara gari likiwa kwenye mwendo.

Halafu kuna uzito. Injini hizo za dizeli ni nzito kuliko za petroli, na Hiace za zamani na baadhi ya Hilux hubebwa mbele na vyuma virefu vinavyojisokota badala ya springi. Pua ikishuka, fundi hukaza bolti na gari linainuka. Kimo kinarudi, ila chuma hakijawa kigumu zaidi, kwa hiyo kwenye mashimo litaendelea kugonga. Tena, bila kupima alaimenti baada ya kuinua, tairi zitalika upande mmoja.

Pedali ya breki ikiwa ngumu kama jiwe, usiondoke. Injini ya petroli yenyewe hufyonza hewa inayosaidia breki. Ya dizeli huhitaji pampu, ambayo kwenye 3L na 5L hukaa nyuma ya altaneta. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa, ishikilie, kisha washa. Pedali isiposhuka kidogo, mwambie fundi aanze na mpira wa pampu hiyo.