Tathmini ya vipaji vya kandanda, Mombasa Bara

Tathmini ya vipaji ni kazi ya kumpima mchezaji chipukizi kabla klabu haijamsajili. Huko Likoni, Kisauni na Changamwe, kazi hiyo hufanyika kwenye mechi za mitaani, michezo ya shule za sekondari na majaribio ya klabu, hasa Bandari FC, timu ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya iliyotwaa Ngao ya FKF mwaka 2015 na 2019. Kenya haina utaratibu kama wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ambako klabu huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, iliyoshika mkia ikitangulia. Huku, mwenye jicho ndiye humuwahi kijana.

Jicho hilo hutazama nini? Kwa kiungo mchezeshaji, mwangalizi hodari huuacha mpira akafuata kichwa: je, kijana hugeuka kuangalia nyuma kabla pasi haijamfikia? Kwenye uwanja wa mchanga mpira hudunda ovyo, kwa hiyo mguso wa kwanza uliotulia ni ushahidi mzito kuliko mabao matano dhidi ya wapinzani dhaifu. Kimo na kasi hudanganya, maana wapo wanaobalehe mapema. Umri lazima uulizwe kwanza.

Umri una uzito katika sheria pia: kanuni za FIFA huzuia uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti maalumu, na huhesabu fidia ya mafunzo kuanzia miaka 12. Timu ya mtaa isiyotunza rekodi za usajili huikosa fidia hiyo, nayo ndiyo iliyomlea mchezaji.