Mwezi Unaotembea: Ramadhan na Misimu ya Mji Wetu wa Nakuru



Shukrani zote zinamstahiki Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Nianze na kisa. Kijana mmoja wa Bondeni alitimiza miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho. Wenzake waliulizwa maswali mawili matatu wakaondoka. Yeye, kwa sababu ya jina lake, akaambiwa angoje. Mwisho akaulizwa: "Nyinyi mlitoka wapi? Nyanya yako alizaliwa wapi, na mwaka gani?" Kijana alikodoa macho tu. Hakujua.

Jioni, baada ya futari, akamuuliza nyanya yake. Nyanya akajibu bila kusita: "Nilizaliwa hapa hapa Nakuru, mjukuu wangu. Ramadhan ya kupanda mahindi, wakati wa kafyu ya Mau Mau." Kijana akacheka. "Sasa nyanya, hiyo nitaiandika wapi kwenye fomu?"

Wewe pia pengine umecheka. Lakini kumbe nyanya alikuwa ameshajibu swali, tena kwa usahihi kuliko tunavyodhani. Hebu tufuatane polepole, utaona.

Kwa nini Ramadhan hutembea

Mwaka wetu wa Kiislamu hufuata mwezi, nao una siku 354 au 355. Mwaka wa jua una siku 365 au 366. Tofauti ni kama siku 11. Waarabu wa zama za ujahiliya walikuwa na mtindo wa kuahirisha miezi ili ilingane na matakwa yao, na Surat At-Tawba, aya ya 37, imeukemea mtindo huo. Kwa hivyo Ramadhan haifungwi kamba kwenye msimu mmoja. Kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11, na baada ya miaka 32 au 33 huwa imepita misimu yote na kurudi ilipoanzia.

Wenzetu wa Ulaya wanapata shida ya urefu wa siku. Pale London, Juni 2016, walifunga zaidi ya saa 18. Sisi wa Nakuru tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, funga yetu ni kama saa 13 na nusu mwaka mzima. Magharibi nayo haisogei sana. Mwanzoni mwa Novemba jua huzama kama saa kumi na mbili na dakika 23 jioni, na katikati ya Februari ni saa moja kasoro dakika 7. (Na wewe unayefungua kwa adhana ya redio ya Mombasa, tahadhari! Jua la Mombasa huzama mapema kuliko letu, kwa wastani kama robo saa. Wangapi tumeharibu funga utotoni kwa haraka hiyo?)

Basi kwetu kinachobadilika ni hali ya hewa, kazi za shamba na chakula kilichoko sokoni. Ndiyo maana wazee wetu hawakusema "Ramadhan ya mwaka fulani". Walisema Ramadhan ya vumbi, Ramadhan ya baridi, Ramadhan ya matope.

Kabla ya mji kuwa mji

Kwanza tujibu lile swali la "mlitoka wapi". Waislamu walipita katika bonde hili kabla Nakuru haijawa mji. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili kutoka pwani ilipita Naivasha ikaendelea hadi Baringo kutafuta pembe za ndovu. Mzungu Joseph Thomson alipovuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883, mmoja wa waliomwonyesha njia alikuwa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, ambaye njia hizo alikuwa akizijua zamani.

Safari hizo hazikuwa mchezo. Novemba 1895, msafara uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine ulizozana na Wamaasai katika bonde la Kedong. Wapagazi kwa mamia waliuawa, wengi wao Wakikuyu, na Waswahili wakiwemo. Mwaka 1897, huko huko upande wa Ravine, askari Wanubi wenye asili ya Sudan waliasi. Walikuwa wamechoshwa na mishahara duni na safari zisizokwisha mbali na familia zao.

Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900, na Kisumu mwisho wa 1901. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwemo Waislamu wengi wa Punjab. Mwaka huo wa 1900, Ramadhan iliingia kama tarehe 23 Desemba. Nakuru yenyewe ilitangazwa rasmi kuwa mji mwaka 1904, na ikawa jiji tarehe 1 Desemba 2021.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukihesabu kutoka mwandamo ule wa Desemba 1900, Ramadhan imeuzunguka mji huu mara tatu, na mzunguko wa nne utatimia Desemba 2030 In shaa Allah. Mwaka huo wa 2030 Ramadhan inatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzo wa Januari na mwisho wa Desemba, kama ilivyokuwa mwaka 1965 na tena 1997.

Misimu ya funga

Tuutazame basi huu mzunguko wa nne, ambao wengi wetu tumeuishi.

Kiangazi, Desemba hadi Februari, ndiyo Ramadhan ya vumbi. Inasemekana jina Nakuru lenyewe limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, na Waswahili nao wakauita mtaa mmoja Kivumbini. Mabomba hukohoa hewa, mama anapanga mitungi tangu alfajiri, na midomo imekauka kabla ya adhuhuri. Katikati ya miaka ya 1990, ziwa lilipokaribia kukauka, Ramadhan ilikuwa Januari na Februari, na upepo ulipeperusha vumbi jeupe la magadi. Lakini msimu nao hudanganya. Ramadhan iliyoingia mwisho wa Desemba 1997, siku chache tu baada ya uchaguzi, ilikuwa kwenye mvua za El Niño. Januari 1998 mapigano ya kikabila yakazuka upande wa Njoro, watu wakakimbia makwao kwenye mvua. Mzee akikwambia "Ramadhan ya mvua ya kiangazi", usidhani amechanganyikiwa. Anajua anachosema.

Kisha mwezi ukarudi nyuma hadi wakati wa mvua fupi na mavuno, Novemba na Oktoba. Hii ilikuwa Ramadhan ya watahiniwa. Walioketi KCPE na KCSE miaka hiyo wanakumbuka kuingia chumba cha mtihani na funga, na daku iliyoliwa juu ya daftari. Novemba 2002 ilikuwa pia Ramadhan ya kampeni, magari yenye vipaza sauti yakipita wakati wa tarawehe. Mahindi mapya yalikuwa yamevunwa, na githeri ya mahindi mapya ilikaa sahani moja na kaimati bila ugomvi.

Ramadhan ya Septemba 2008 nayo ni ya kukumbukwa. Ilikuwa ya kwanza baada ya fujo za Januari mwaka huo, ambapo damu ilimwagika katika mitaa yetu na maelfu ya watu wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho. Jirani ambaye ulizoea kumpelekea sahani ya sambusa, mwaka ule hakuwepo. Nyumba imefungwa. Sahani ile ilirudi nayo mtoto nyumbani ikiwa imejaa vile vile. Wengine walirejea baadaye, wengine hawakurejea tena.

Halafu ikaja baridi, Agosti, Julai na Juni, kati ya 2010 na 2016. Mji wetu uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ndugu zetu wa Molo wako juu zaidi. Kiu haisumbui, lakini nani atatoka kwenye blanketi saa kumi za usiku? Uji wenye pilipili manga ndio ulioamsha watu. Viazi vya Molo vilikuwa tele, kila pembe ya mtaa ni viazi karai. Na Julai ni mwezi wa maonyesho ya kilimo. Ewe uliyekuwa mtoto wakati huo, unakumbuka kupanda bembea ukiwa umefunga, na harufu ya nyama choma inakufuata kila upande?

Mwisho masika, Mei, Aprili na Machi. Wakulima wanapanda, barabara za mitaani ni tope, na mwavuli unakaa pamoja na msala. Mawingu hufunika anga hata mwezi hauonekani, tukatimiza siku 30 za Shaaban. Mvua ni rehema, lakini pia ni mtihani. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, wiki moja kabla ya Ramadhan, bwawa la Patel kule Solai lilipasuka, na watu zaidi ya 40 wakafa. Wengi wetu tuliingia funga mwaka ule tukiwa na matanga mjini.

Na 2020, unaikumbuka wewe mwenyewe. Korona. Misikiti ilifungwa. Kafyu ilianza saa moja jioni, na Magharibi iliingia kama saa kumi na mbili na dakika 37. Yaani ulikuwa na dakika 23 tu kutoka kufungua tende mpaka mlango kufungwa. Tarawehe tukaswali sebuleni, baba au kaka akiwa imamu, na wengi ndipo tulipogundua sura ngapi tumehifadhi na ngapi tulijidanganya.

Hesabu ya nyanya

Sasa turudi kwa nyanya. Amesema mambo matatu: Ramadhan, kupanda mahindi, na kafyu ya Mau Mau.

Mahindi hupandwa hapa kwetu mvua ndefu zikianza, hasa mwezi wa Aprili. Ramadhan iliingia Aprili mwaka 1922, 1923 na 1924. Ikaingia tena Aprili 1955, 1956 na 1957. Halafu 1987, 1988 na 1989. Halafu 2020, 2021 na 2022. Basi! Hakuna miaka mingine katika karne nzima. Hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ilitangazwa Oktoba 1952 ikaondolewa Januari 1960. Kwa hivyo nyanya alizaliwa 1955, 1956 au 1957. Maneno yake matatu yamepunguza miaka mia ikawa mitatu.

Tena akaongeza: ndugu aliyemfuata ana cheti cha 1958, na mama yao hakubeba mimba hiyo mpaka alipomwachisha ziwa akiwa na miaka miwili. Basi 1957 ikatoka, na 1956 ikawa ya mashaka. Ukawa mwaka 1955. Kijana alirudi na karatasi yenye mwaka, jina la mtaa na majina ya wazee wawili waliokuwa majirani. Kitambulisho bado kilichelewa, sitakudanganya. Lakini safari hii hakusimama mbele ya meza akiwa bubu.

Na tazama ajabu hii. Nyanya alizaliwa Ramadhan ya mvua ndani ya kafyu. Miaka 65 baadaye, mwezi umezunguka mara mbili kamili, akaswali tarawehe mvua ileile ikinyesha, ndani ya kafyu nyingine. Alisema jambo moja tu: "Hii naijua."

Kazi kwako

Ndugu yangu, historia ya Waislamu wa Nakuru, Naivasha, Gilgil, Molo na Ravine haijaandikwa sana. Sehemu kubwa iko vichwani mwa wazee ambao kila Ramadhan tunawahesabu wakipungua katika safu ya mbele. Tukiambiwa sisi ni wageni tunakasirika, lakini tukiulizwa tueleze, tunababaika. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.

Basi mwezi huu, kabla ya Idi, keti na mzee mmoja baada ya futari. Zima simu. Muulize: Ramadhan unayoikumbuka zaidi ilikuwa ya mvua, baridi au vumbi? Sokoni kulikuwa na nini? Nani alikuwa akitawala? Majirani walikuwa nani? Andika majibu yake kama alivyoyasema, hata yakikuchekesha. Hesabu ya miaka utaifanya baadaye.

Twamuomba Allah (S.W.T.) azikubali funga zetu, awarehemu waliotutangulia katika mji huu, awape wazee wetu afya, na atukutanishe na Ramadhan nyingine, iwe ya vumbi au ya matope. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.