Mzinga Mtupu: Historia Fupi ya Nyuki Wanaohama

Leo tuweke kompyuta kando kidogo tuzungumze juu ya nyuki. Septemba 2023 nilifungua mzinga wangu wa pekee nikakuta hamna kitu. Hakuna nyuki hai, hakuna mizoga.

Kundi hilo lilikuja lenyewe. Desemba 2022 lilitua kwenye mti nyuma ya nyumba yetu hapa Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940. Majirani walitaka lipuliziwe dawa. Mzee mmoja mrina asali alinisaidia kulikamata usiku, tukalipeleka Machakos shambani kwa babu, kwa sababu nyuki wetu ni wakali na mtaani kuna watoto. Miezi tisa baadaye, kwaheri.

Kazi yangu ni kuandika programu. Programu ikikwama huacha kumbukumbu ya hitilafu, nawe unaisoma mpaka upate chanzo. Nikajiuliza: je, mzinga mtupu nao huacha kumbukumbu?

Kwanza nilifikiria habari za Marekani. Kuanzia mwishoni mwa 2006, baadhi ya wafugaji wa huko waliripoti kupoteza asilimia 30 hadi 90 ya mizinga yao. Lakini dalili zao zilikuwa tofauti: nyuki vibarua wametoweka, huku malkia, asali na majana (yaani watoto wa nyuki) wakiwa bado ndani. Kwangu malkia hayupo, asali hakuna, majana hakuna hata mmoja. Masega matupu kabisa.

Nyuki wa Ulaya amezoea kuweka akiba na kukaa ndani baridi ipite. Wa kwetu mara nyingi huhama, tena kwa njia mbili. Akivamiwa na siafu, moto au nyegere, huondoka papo hapo na kuacha majana na asali. Akikosa chakula, hupanga safari: malkia huacha kutaga, majana waliopo hungojewa wakomae, asali huliwa, kisha kundi zima huondoka. Hiyo ndiyo kumbukumbu niliyokuwa nikiitafuta. Nyuki wangu hawakufukuzwa. Walijiandaa kwa siku nyingi, na mimi sikuona.

Wakamba walilijua jambo hili kabla ya vitabu. Mwatu, gogo lililochimbwa ndani, hutundikwa mtini na kusubiri kundi lije lenyewe. Kundi likihama, mzinga hubaki palepale ukingoja jingine. Kuondoka kwa nyuki kumo ndani ya hesabu tangu mwanzo.

Huko Marekani, mwaka 1851, mchungaji Lorenzo Langstroth alitambua kwamba nyuki huacha wazi nafasi ya milimita 6 hadi 9 bila kuijaza nta wala gundi. Akatengeneza mzinga wenye fremu zinazotolewa, na 1852 akapewa hataza. Sasa mfugaji aliweza kukagua ndani bila kubomoa.

Kenya ilipata mzinga wake miaka ya 1970, katika mradi uliosaidiwa na Kanada pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph. Hauna fremu; juu hupangwa mbao nyembamba zenye upana wa milimita 32, kulingana na masega ya nyuki wetu. Ni wa bei nafuu, na unainua sega moja moja. Ndio niliokuwa nao, na urahisi wake ndio ulioniponza. Julai nilivuna karibu masega yote ya asali, kisha kiangazi cha Agosti na Septemba kikawakuta na ghala tupu. Kosa lilikuwa langu.

Lakini tabia hiyo ya kuhama si hasara tupu. Mwaka 2009 utitiri wa Varroa, ulioangamiza makundi mengi Ulaya na Marekani, uligunduliwa Kenya. Utafiti uliochapishwa 2014 uliukuta karibu kila sehemu iliyopimwa isipokuwa kaskazini, ila makundi hayakuonekana kudhoofika. Kuhama huenda ni sehemu ya sababu, kwa kuwa utitiri huzaliana ndani ya vyumba vya majana, na kundi linalohama hukaa kwa muda bila majana. Ukimfunga nyuki huyu asiondoke, huenda unamnyang'anya kinga yake.

Basi kama mzinga wako umebaki mtupu, kagua masega kwanza kabla ya kumlaumu jirani au dawa za shambani. Ukikuta asali na majana, tafuta siafu. Usipokuta chochote, kumbuka ulivuna lini na uliwaachia kiasi gani.

Wangu bado umetundikwa palepale. Nimeusafisha na kuupaka nta mpya ndani, sasa unangoja. Wakija wengine, nusu ya asali ni yao.