Prosesa ya sauti kwa sinema ya nyumbani: Angalia haya kabla hujatoa hela

Unataka sebule isikike kama ukumbi wa sinema? Jua kwanza hili: prosesa si risiva. Risiva ina amplifaya ndani yake, prosesa haina. Yenyewe inachambua sauti na kuigawa tu, kwa hiyo usiponunua amplifaya pembeni, spika hazitatoa hata mlio.

Hesabu spika. Mfumo wa 7.1.4 una spika saba za kukuzunguka, sabufa moja na spika nne za juu. Jumla ni chaneli 12. Kwa hizo za juu, Dolby Atmos, iliyoingia majumbani mwaka 2014, inakufanya usikie mvua ya kwenye filamu ikinyesha juu ya kichwa chako. Trinnov Altitude32 kutoka Ufaransa inafika chaneli 32, lakini kwa chumba kidogo utakuwa umelipia usichokitumia.

Pima chumba. Kuta tupu na sakafu ya vigae huleta mwangwi. Programu kama Dirac Live hupima chumba kwa maiki, kisha hurekebisha sauti. Zulia na mapazia mazito bado yanahitajika.

Kagua HDMI. Kwa gemu za 4K zenye fremu 120 kwa sekunde, tafuta HDMI 2.1.

Bajeti ikibana? Risiva ya kawaida yenye spika nzuri itakufaa kuliko prosesa ya bei mbaya yenye spika za kuungaunga.