Kuwa peke yako si upweke: funzo kutoka Gombe

Mtu anaweza kukaa katikati ya watu mia na bado akawa mpweke. Mwingine hukaa peke yake saa nzima, akarudi ametulia. Upweke ni kukosa watu unaowahitaji. Kujitenga kwa hiari ni kujipa nafasi ya kusikia mawazo yako mwenyewe.

Mkoani kwetu Kigoma upo mfano unaojulikana duniani. Julai 14, 1960, Mwingereza Jane Goodall, akiwa na miaka 26, alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuchunguza sokwe. Alikuwa amefanya kazi ya ukatibu muhtasi, na hakuwa na shahada yoyote. Mwanzoni sokwe walimkimbia. Siku nyingi alipanda mlimani peke yake na darubini, akakaa kimya, akatazama. Novemba mwaka huo alimwona sokwe akipukuchua majani ya kijiti na kukitumia kuvua mchwa kichuguuni. Wakati ule wataalamu waliamini kuwa binadamu pekee ndiye hutengeneza zana. Mwaka 1966 alipata shahada ya udaktari Cambridge. Katibu muhtasi alijijua kuwa mtafiti akiwa kule mlimani.

Jambo moja husahaulika. Serikali ya kikoloni haikumruhusu kwenda bila mwenzake, hivyo alikuja na mama yake, Vanne, na mpishi. Mchana alikuwa peke yake. Jioni alirudi penye mtu wa kumsimulia.

Kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kupokea wakimbizi kutoka Burundi. Kijana aliyekulia humo akiuliza "mimi ni nani?" hujibiwa: Mrundi, mkimbizi, mtoto wa fulani. Majibu hayo yana ukweli, ila yametoka kwa wengine. La kwake linahitaji utulivu, na nyumba iliyojaa watu haina chumba cha ziada.

Hatumshauri mtu, hasa msichana, aende porini peke yake; si salama. Inatosha kuamka kabla ya wengine, au kuzima simu na kukaa chini ya mti unapoonekana. Jiulize: ni kazi gani naipenda hata nisipotumwa? Kisha rudi, uongee na unayemwamini.

Mzazi, mtoto akikaa kimya usimwite mvivu haraka. Lakini akikosa usingizi, akikataa chakula na kukwepa marafiki siku baada ya siku, huo si utulivu tena. Mpeleke kituo cha afya.