Kitabu cha Darasa la Tisa: Historia ya Jimbo katika Shule za Mississippi, 1959–1980

Miongoni mwa masomo yafundishwayo katika shule za Marekani limo moja ambalo mgeni hulistaajabia anapolikuta kwa mara ya kwanza, nalo ni historia ya jimbo. Katiba ya nchi ile haikutaja elimu, na kwa hiyo kila jimbo limeachiwa lipange mafunzo yake lenyewe. Mtoto wa Texas husoma historia ya Texas katika darasa la saba. Wa California huisoma mapema zaidi, katika darasa la nne. Katika Mississippi somo hilo lilikuwa la lazima katika darasa la tisa, darasa ambalo katika shule nyingi za wakati ule lilikuwa kilele cha shule za kati, na wanafunzi wake walikuwa wa umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Ni la Mississippi linalochunguzwa hapa, kwa kuwa huko swali la nani aandike historia ya jimbo lilifika mahakamani na kuamuliwa na jaji.

Neno lenyewe "jimbo" lataka maelezo kidogo. Msomaji wa Kenya alisikiapo hukumbuka katiba ya 1963 na majimbo yake, yaliyofutwa nchi ilipokuwa jamhuri mwaka uliofuata. Mwingine hufikiria eneo la askofu, na mwingine eneo la uchaguzi. Jimbo la Marekani si hayo. Lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake na gavana wake, na wakazi wake wengi wazee wangelikubali kuliita dola kuliko mkoa. Asiyelijua hili hataelewa kwa nini kitabu cha watoto kiligombaniwa kama bendera.

Mississippi iliingia katika Muungano tarehe 10 Desemba 1817. Hesabu ya watu ya 1860 yaonyesha kwamba ilikuwa na wakazi 791,305, na katika hao 436,631 walikuwa watumwa. Mwezi Januari 1861 ikajitoa katika Muungano kwa ajili ya kuuhifadhi utumwa huo, ikashindwa vitani pamoja na wenzake wa Kusini, na ikarudishwa mwaka 1870. Kipindi kilichofuata vita, ambacho Wamarekani hukiita kipindi cha Ujenzi Mpya, ndicho kiini cha mgogoro wote. Katika miaka hiyo Weusi walipiga kura na kuchaguliwa. Hiram Revels aliingia katika Baraza la Senati la Marekani mwaka 1870, akiwa Mweusi wa kwanza kupata kiti humo. Blanche Bruce akamfuata mwaka 1875. Na John Roy Lynch, aliyezaliwa mtumwa, alikuwa spika wa baraza la wawakilishi la Mississippi kabla hajatimiza miaka ishirini na sita. Shule za umma za jimbo zima, kwa watoto wa rangi zote, zilianzishwa wakati huohuo. Kisha mwaka 1875 Wazungu wa chama cha Democrat waliurudisha utawala mikononi mwao kwa vitisho na mauaji, na katiba ya 1890 ikaukamilisha mpango huo kwa kodi ya kura na mtihani wa kusoma au kueleza kifungu cha katiba, mtihani ambao msahihishaji wake alikuwa Mzungu.

Sasa, vitabu vya shule vilisema nini juu ya hayo? Kwa miaka mingi aliyetawala uwanja alikuwa John K. Bettersworth, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Mississippi. Mwaka 1959 alitoa *Mississippi: A History*, akafuatiza kingine mwaka 1964, na mwaka 1975 kikatoka *Your Mississippi*. Hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa mtafiti aliyejulikana kwa kazi zake juu ya vita vya 1861–1865. Lakini katika vitabu vya watoto alishika njia iliyokuwa imechorwa mwanzoni mwa karne na wanafunzi wa William Dunning wa New York, mmojawapo akiwa James Garner, mwenyeji wa Mississippi, aliyetoa kitabu chake mwaka 1901. Kwa njia hiyo Ujenzi Mpya ulikuwa msiba. Weusi wasiokuwa tayari, wakiongozwa na wageni wenye tamaa kutoka Kaskazini, waliiharibu serikali mpaka Wazungu wa nchi walipoiokoa.

Haiwezi kusemwa kwamba wakati ule hapakuwa na elimu nyingine. Lynch mwenyewe alikwisha kuyakana madai hayo katika kitabu chake cha 1913. W. E. B. Du Bois aliyabomoa mwaka 1935. Tena mwaka 1947 Vernon Wharton, Mzungu wa Mississippi na mwalimu wa Chuo cha Millsaps mjini Jackson, alichapisha uchunguzi juu ya Weusi wa jimbo hilo kati ya 1865 na 1890, na humo alionyesha kwamba hawakupata hata mara moja kuwa wengi katika bunge la jimbo, wala gavana hakupata kutoka kwao. Basi maarifa yalikuwapo, katika rafu za maktaba za jimbo lilelile, miaka kumi na miwili kabla ya kitabu cha kwanza cha Bettersworth. Kati ya rafu hizo na dawati la mtoto palikuwa na mlango, na mlango huo ulikuwa na bawabu.

Bawabu alikuwa kamati. Tangu 1940 serikali ya Mississippi iliwapa wanafunzi vitabu bila malipo, jambo jema kwa jimbo maskini, lakini lililoandamana na masharti: fedha za umma zilinunua tu vitabu vilivyoorodheshwa. Kila somo lilikuwa na kamati ya watu saba, walioteuliwa na gavana na msimamizi mkuu wa elimu. Sheria iliruhusu vitabu hata vitano kwa somo moja. Kitabu kisichoorodheshwa hakikupigwa marufuku; kilikosa mnunuzi tu, na kwa shule ya kijijini hayo yalikuwa mamoja.

Mfumo huo uliweza kudumu maadamu shule za Wazungu na za Weusi zilikuwa mbalimbali na Weusi hawakuwa na kura. Mwaka 1964 chini ya asilimia saba ya Weusi waliotimiza umri wa kupiga kura walikuwa wameandikishwa. Kiangazi cha mwaka huohuo vijana wa harakati za haki walifungua Shule za Uhuru zipatazo arobaini, makanisani na chini ya miti, ambamo zaidi ya wanafunzi elfu mbili walifundishwa, pamoja na mengine, historia yao wenyewe. Zilikuwa shule za msimu mmoja. Lakini mwaka 1969 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru wilaya za Mississippi ziunganishe shule zao mara moja, na kufikia Januari 1970 watoto wa Weusi na wa Wazungu walijikuta katika madarasa mamoja, wakifungua kitabu kimoja. Wazungu wengi waliwatoa watoto wao na kujenga shule za kibinafsi. Jimbo likaendelea kuzipa nazo vitabu vya bure mpaka Mahakama Kuu ilipokataza jambo hilo mwaka 1973.

Katika miaka hiyo James Loewen, mwanasosholojia Mzungu aliyekuja kutoka Kaskazini, alikuwa akifundisha katika Chuo cha Tougaloo, chuo cha Weusi karibu na Jackson. Amesimulia kwamba aliwauliza wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza Ujenzi Mpya ulikuwa nini. Karibu wote walimjibu kwamba ulikuwa wakati ambapo Weusi walishika serikali mapema mno, wakaiharibu, na Wazungu wakalazimika kuirudisha. Vijana hao walikuwa wajukuu na vitukuu vya wapiga kura wa 1870. Aliyewafundisha mara nyingi alikuwa mwalimu Mweusi, katika shule ya Weusi, akifuata kitabu kilichotolewa na serikali. Hapa pana jambo ambalo wachunguzi wa elimu hawana budi kulitafakari zaidi kuliko makosa ya kitabu chenyewe, yaani kwamba mtu aliweza kusimama mbele ya watoto wake na kuwasomea hukumu dhidi ya babu zao, kwa sababu mtihani uliuliza hivyo.

Loewen alishirikiana na Charles Sallis, mwanahistoria wa Millsaps, chuo kilekile alichofundisha Wharton, na wakakusanya walimu na wanafunzi wa vyuo vyote viwili, Weusi na Wazungu. Kazi yao, *Mississippi: Conflict and Change*, ilichapishwa na Pantheon Books mwaka 1974, na baadaye ikapewa Tuzo ya Lillian Smith. Jina la kitabu, mgogoro na mabadiliko, laonyesha msimamo wake. Kilieleza utumwa, mauaji bila hukumu, vyama vya wakulima, harakati za haki, pia fasihi na muziki wa jimbo. Na mara kwa mara kilimtaka mwanafunzi apime ushahidi mwenyewe badala ya kupewa jibu.

Kamati ilikikataa. Wajumbe watano, wote Wazungu, walikipinga. Wawili Weusi walikikubali. Ingawa orodha ilikuwa na nafasi tano, kikachaguliwa kitabu kimoja tu, nacho kilikuwa cha Bettersworth. Waliokataa walisema kwamba kitabu kipya kilitilia mno mkazo habari za rangi, kilikuwa na ubishi, na hakikufaa kwa umri wa darasa la tisa.

Hoja ya umri yafaa isipuuzwe, kwa kuwa hata watu wenye nia njema huitumia. Ni kweli kwamba si kila jambo lafaa kwa kila umri. Lakini mtoto Mweusi wa Mississippi wa miaka kumi na minne alikuwa ameyasikia mauaji ya Emmett Till ya 1955 jikoni kwa mama yake. Till mwenyewe aliuawa akiwa na miaka kumi na minne. Aliyekuwa akikingwa na ukimya wa kitabu hakuwa mtoto huyo.

Mwezi Novemba 1975 waandishi, pamoja na wanafunzi, wazazi na baadhi ya shule, wakiwamo viongozi wa Kanisa Katoliki, waliishtaki kamati katika mahakama ya serikali kuu. Kesi ikajulikana kwa majina ya Loewen na Turnipseed, mmoja wa wajumbe waliokipinga kitabu. Katika ushahidi wake Turnipseed alilalamikia picha ya mauaji bila hukumu iliyochapishwa kitabuni, akieleza kwamba mwalimu wa kike Mzungu angepata shida kulidhibiti darasa lenye Weusi wengi baada ya kuionyesha. Loewen amesimulia kwamba Jaji Orma Smith, mwenyeji wa jimbo hilohilo, aliingia kati na kumwuliza kama mambo hayo hayakutokea. Shahidi alikubali kwamba yalitokea, ila yalikuwa ya zamani, na akataka kujua kwa nini yakumbushwe. Jaji akamkumbusha kwamba kitabu chenyewe ni cha historia. Ndiyo falsafa yote ya funika kombe mwanaharamu apite, iliyotamkwa chini ya kiapo.

Hukumu ilitolewa Aprili 1980. Jaji aliona kwamba kitabu hakikukataliwa kwa sababu za haki bali kwa sababu za rangi, na kwamba sheria ya jimbo ilikuwa na kasoro, maana haikumpa aliyedhurika na uamuzi wa kamati mahali popote pa kusikilizwa. Akaamuru kiingizwe katika orodha kwa miaka sita. Hakuamua ni kitabu kipi kilichosema kweli zaidi, na pengine alifanya vyema, kwa kuwa historia inayothibitishwa na mahakama leo yaweza kubatilishwa na mahakama kesho.

Kwa mchunguzi wa lugha kesi hii yaacha swali ambalo mahakama haikuliuliza. Vitabu vya shule vya aina hii havihitaji kusema uongo. Vyatosha kuchagua kauli ya kitenzi. Fujo zilitokea, kura zilipungua, shule zilichomeka. Kiswahili kina hatari yake hapa, na huenda ni kubwa kuliko ya Kiingereza. Katika "shule zilichomwa" mtenda hatajwi, lakini yumo, na mwanafunzi hodari aweza kuuliza ni nani. Katika "shule zilichomeka" hata nafasi yake imeondolewa. Mwandishi wa historia kwa ajili ya watoto, popote alipo, angefanya vyema kuvihesabu vitenzi vyake vya kutendeka, hasa katika sura zile anazoziandika haraka. Ni vivyo hivyo na nomino. Mtu akiitwa "mtumwa" kila mara, utumwa wageuka kuwa sifa yake ya kuzaliwa. Akiitwa "aliyetiwa utumwani", sentensi yadai mwingine aliyemtia.

Baada ya hukumu kitabu kiliruhusiwa, lakini si kwamba kilienea. Wilaya nyingi ziliendelea na kile zilichokizoea, kwa maana orodha huruhusu kununua na hailazimishi. Mwaka 2006 bunge la Mississippi lilipitisha sheria ya kukuza mafunzo ya haki za raia mashuleni, na Desemba 2017 jumba la makumbusho ya harakati hizo lilifunguliwa mjini Jackson kwa fedha za jimbo. Mwaka huohuo Charles Eagles, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Mississippi, alichapisha kitabu kizima juu ya ugomvi wa 1974–1980. Loewen alifariki mwaka 2021. Machi 2022 gavana alitia sahihi sheria nyingine, inayoweka mipaka juu ya namna mambo ya rangi yatakavyofundishwa.

Hukumu ya Jaji Smith ilichukua zaidi ya miaka minne tangu mashtaka. Mwanafunzi aliyekuwa katika darasa la tisa kesi ilipofunguliwa alimaliza darasa la kumi na mbili mwaka 1979, akiwa amesoma historia ya jimbo lake mara moja, katika *Your Mississippi*.