Ukumbi Mmoja, Kazi Mbili: Funzo la Nyumba za Mwambao kwa Usanifu wa Ndani

Wenye hoteli ndogo katika miji mikongwe ya mwambao hupenda ukumbi wa chini ufanye kazi mbili: umpokee mgeni na pia uuze bidhaa. Suluhisho la haraka huwa ni rafu zenye magurudumu na kuta nyepesi za kukunja. Makala haya yanadai kwamba kufanya hivyo ni kuanzia mwisho. Unyumbufu wa jengo hutegemea kwanza vile visivyosogezwa, yaani vizingiti, njia, mabomba na mkondo wa hewa. Hivyo vikipangwa vyema, vya kusogezwa huwa vichache.

Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi kati ya zilizosalia ni za karne ya 18, zilijengwa na watu walioishi kwa biashara ya pepo za msimu. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi alingoja kusi ndipo arejee kwao, na mwenyeji wake alihitaji mahali pa kumkirimu na pa kupatana naye bei. Daka la kuingilia, lenye viti vya mawe pande zote mbili, lilitosha kwa maamkizi na biashara. Mgeni wa kulala alikuwa na sabule, yaani chumba cha wageni, ambayo katika baadhi ya nyumba ilifikiwa kwa ngazi yake bila kupita kwa wenyeji. Zaidi ya hapo kulikuwa na kiwanda (ua wa ndani), misana (kumbi ndefu nyembamba) na ndani (chumba cha faragha cha wenyeji), faragha ikiongezeka hatua kwa hatua. Urefu wa boriti za mikoko uliufanya upana wa vyumba usizidi sana mita 3, hivyo vyumba vingi vilifanana umbo. Kilichoamua matumizi ya chumba ni umbali wake kutoka mlangoni.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, wafanyabiashara wenye asili ya India waliujaza mji nyumba za maduka. Sehemu ya chini hufunguka mtaani kwa milango ya mbao, na familia huishi nyuma au juu. Mchana bidhaa hutolewa hadi barazani. Jioni milango ikishafungwa, baraza hilohilo huwa kikao cha majirani.

Msanifu wa leo ana mambo matatu ya kujifunza. Kwanza, apange kwa kufuata kina cha jengo, kutoka mtaani hadi nyuma: duka lielekee mtaani, mkahawa ufuate, vyumba viwe nyuma au juu, na mgeni mwenye mizigo apate njia isiyopita katikati ya rafu. Pili, apange kwa saa, kwa kuwa meza za kifungua kinywa haziondoki bila stoo iliyo karibu. Tatu, maji, soketi na taa vikae pembezoni ili katikati pabaki wazi. Jiko nalo liwekwe mahali ambapo upepo hautapeleka moshi dukani: kanga na vikoi hushika harufu ya kukaanga, na mnunuzi huisikia kabla hajauliza bei.

Ipo hoja kinzani yenye uzito. Mpangilio wa nyumba hizo ulitumikia pia matabaka: uliwatenga wanawake na kutegemea kazi ya watumwa. Kuuiga kama pambo la kitalii ni kuifuta historia hiyo. Lakini daraja za faragha zinaweza kuchukuliwa bila kuchukua daraja za watu. Mfanyakazi apate chumba chenye mwanga na mlango wa heshima, wala asifichwe ili mgeni afurahie.

UNESCO iliuorodhesha Mji Mkongwe kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Mbali na hadhi hiyo, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za miji hii hazistahimili kuchongwachongwa kila biashara inapobadilika. Kwa hiyo mwenye hoteli, kabla ya kuagiza fanicha yoyote, amdai msanifu wake michoro mitatu ya ukumbi uleule: saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku. Ikiwa michoro hiyo haipatani, ukumbi haujakamilika kusanifiwa, na ujenzi usianze.